Hela ikiwa ndogo, anza na bega

Mimi ni fundi cherehani na kazi yangu kubwa sio kushona nguo mpya, ni kurekebisha za watu, na nachokiona kila siku ni kwamba nguo ya bei ndogo iliyomkaa mtu vizuri inampendeza kuliko ya bei mbaya inayompwaya. Ukimwona mtu katokelezea hujui kanunua bei gani, unaona tu nguo ilivyomkaa. Kwahiyo kama bajeti imebana hela yako igawe, nyingine ya nguo nyingine ya fundi, usiimalize yote dukani.

Ukijaribu shati, koti au gauni la mikono, cheki bega kwanza. Mshono wa bega unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia, ukiona umeshuka kwenye mkono au umepanda kuelekea shingoni iache hiyo nguo hata kama bei imeshushwa, maana kurekebisha bega inabidi nifumue mkono wote, nikate bega, nipunguze na mkono wenyewe uingie kwenye tundu jipya, afu niurudishie, yani ufundi unaweza kuzidi bei ya nguo na bado isikae sawa. (Zile zinazoshonwa zipwaye makusudi siziongelei hapa.) Kiuno kikubwa, suruali ndefu, mkono mrefu, shati pana ubavuni, hizo ni kazi ndogo kabisa, nunua bila wasiwasi.

Nguo inayobana ndo inataka umakini. Igeuze nje ndani uangalie kitambaa kilichobaki pembeni ya mshono, kama kipo cha kutosha fundi anatanua, kama kimekatwa karibu na uzi basi hapo hakuna ujanja. Na kama nguo imeshapauka ujue ukitanua, mstari wa mshono wa zamani utaonekana.

Kitambaa nacho kisome kwenye lebo ya ndani, asilimia zimeandikwa pale. Lebo ikiwa imekatwa kifinye kwenye ngumi sekunde chache uachie, kikibaki na mikunjo mingi jiandae na pasi kila siku, afu kinyanyue kwenye mwanga uone kama kinaonyesha. Ukishanunua na unataka uhakika, chomoa uzi mmoja ndani ya pindo uuchome kwa uangalifu: pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kipunje kigumu. Sisemi poliesta ni mbaya, haikunjamani ovyo na inakauka haraka, ila inashika harufu ya jasho na pasi ya moto sana inaiharibu, kwahiyo kwa nguo za kugusa kwapa mimi naipenda pamba.

Rangi chagua chache zinazokubaliana, basi. Suruali 3 na mashati 4 yote yanayoendana unapata mivao 12, lakini ukiwa na shati linalokubali suruali moja tu hilo linakula nafasi kabatini.

Kufua ndo watu wanapoua nguo nzuri. Nyeusi na jinzi zigeuze nje ndani, maji ya baridi, anika kivulini maana jua kali linapausha, na zile zinazovutika zisipate joto kali kwasababu spandeksi, ule uzi unaozifanya zivutike, ikichoka hairudi, magoti yatalegea tu. Vifungo vikiwa vya hovyo badilisha vyote, ni kazi ya sindano na uzi na shati linabadilika sura kabisa, nashangaa kwanini watu wengi hawafanyi.

Na ukileta suruali kwa fundi ikatwe urefu, kama ni ya pamba ifue kwanza isije ikasinyaa ikawa fupi baadae, afu njoo na viatu utakavyoivalia, maana suruali iliyopimwa ukiwa na ndala haitakaa sawa ukivaa kiatu chenye kisigino.