Kitambaa cha vioo kwenye fremu: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Ukiona sebuleni kwa mtu fremu kubwa yenye kitambaa cha nyuzi nyekundu na njano na vioo vidogovidogo vinametameta, mwenye nyumba atakwambia ni kitu cha kale cha kabila fulani la India, eti kilidariziwa kiwe picha tangu mwanzo. Mara nyingi sio. Nyingi zinazouzwa ni viraka, yani muuzaji amekata vifua vya blauzi, mikono na pindo za sketi za wanawake tofauti wa Kutch kule Gujarat, au Sindh ng'ambo ya mpaka Pakistan, akaviunga juu ya kitambaa kipya. Darizi ni ya zamani kweli ila picha yenyewe ni ya juzi! Kabla hakijafungwa kwenye fremu omba ukigeuze, ukikuta cherehani imeunganisha vipande visivyofanana, jibu unalo.

Alafu kuna wanaosema kutundika ukutani ni mambo ya wazungu tu. Hapana jamani. Chakla, yani kitambaa cha mraba kilichodariziwa, bibi harusi alikuwa anafungia vitu anavyoenda navyo kwa mume na akishafika kinapamba ukuta, na toran, pambo la kitambaa, inaning'inizwa juu ya mlango. Mimi ningetafuta hizo, hazihitaji mkasi.

Eti vioo vimetobolewa kama vifungo. Wapi! Uzi unapitishwa juu ya kioo kwa mistari inayokatana, unakazwa, ndo unashonewa kuzunguka ukingo, basi kinashikwa na nyuzi tu. Na kioo cha zamani usitegemee kiwe duara safi, walikuwa wanapuliza tufe la kioo, linapakwa rangi ya fedha kwa ndani, linavunjwa, ndo maana vipande vimebinuka kidogo. Kabla ya hapo walitumia ulanga, yale madini yanayong'aa.

Sio kazi ya kabila moja pia, kwa jamii za Kutch, Mutwa wanapenda vioo vidogo sana, Rabari wanachanganya duara, pembetatu na mraba.

Lingine wanalodhani ni kwamba mashine ndo zimeua kazi hii. Kwa Rabari wa kundi la Dhebaria ni wazee wao wenyewe walipiga marufuku darizi mwaka 1995, kisa mabinti walikuwa wanachelewa kwenda kwa waume zao wakisubiri kumaliza nguo za harusi, inachukua miaka. Wanawake hawakukaa kimya, wakaanza kupamba nguo kwa riboni na lesi za dukani, nazo zinapendeza vilevile.

Kuhusu fremu, fundi akikwambia anabandika na gundi, chukua kitambaa chako uondoke. Kinashonewa kwenye kitambaa cha pamba nyuma, na kioo cha fremu kisikiguse. Kukifua kwanza ndo balaa, rangi nyekundu inachuja na ile fedha ya nyuma ya vioo inaharibika. Jua la dirishani nalo linapausha hariri, makumbusho yenyewe huweka taa za vitambaa kwenye lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), yani mwanga hafifu.