Jeni ya foliki na kisukari: wewe unayemeza metformini, anzia kwenye B12

Kama kwenu bibi alikuwa na sukari, mama anayo, na kaka mkubwa kaanza metformini, vidonge vya kushusha sukari, mwaka huu, lazima uwaze kwamba kuna kitu kinatembea kwenye ukoo, na hapo ndo wengi wanakutana na matangazo ya kipimo cha jeni, hasa ile inaitwa MTHFR, unaambiwa ikiwa na hitilafu mwili wako hautumii foliki asidi, ukikosa foliki unapata kisukari, kwa hiyo lipia kipimo afu ununue na vidonge vyao. Mimi nafundisha bayokemia hapa Dodoma na hili swali naulizwa darasani, naulizwa sokoni, naulizwa hadi msibani. Nalijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna ukweli, na huo ukweli ukiuelewa vizuri unakupeleka kwenye jambo jingine ambalo kwa mgonjwa wa sukari wa hapa kwetu lina uzito kuliko jeni yenyewe.

Foleti ni vitamini B9. Iko kwenye mboga za majani, kunde, maharage, dengu, karanga, maini. Ile ya kiwandani, inayowekwa kwenye vidonge na kwenye unga, ndo foliki asidi. Ikiingia mwilini inabadilishwa hatua kwa hatua, na enzaimu ya MTHFR, yaani protini ya kufanya kazi hiyo inayotengenezwa kwa maelekezo ya jeni yenye jina hilo, inafanya hatua ya mwisho, inaipa umbo linaloweza kukabidhi kipande kidogo chenye kaboni moja kwa kitu kinaitwa homosisteini. Homosisteini ikipokea inageuka methionini, na methionini mwili unaitumia kujenga protini na pia kuweka alama kwenye DNA (maandishi ya urithi ndani ya seli) zinazoamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Isipopokea inabaki kwenye damu, na ikijaa sana inaenda sambamba na kuharibika kwa kuta za ndani za mishipa. Sasa makabidhiano hayo hayafanyiki bila vitamini B12, hata uwe na foleti ya kumwaga. B12 ikikosekana, foleti inakwama.

Tuje kwenye jeni. Mwaka 1995 timu ya Rima Rozen kule Montreal ilionyesha kwamba watu wengine kwenye jeni ya MTHFR, nafasi ya 677, wana herufi T mahali ambapo wengine wana C. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba moja ya mama. Ukiwa na T moja enzaimu inabaki na kama asilimia 65 ya nguvu yake, ukiwa na T mbili kama asilimia 30. Ni sawa na mashine ya kusaga yenye mkanda uliolegea, inasaga ila taratibu, na mkanda wenyewe unakazwa na foleti ya kutosha pamoja na vitamini B2. Mwenye T mbili anayekula vizuri homosisteini yake mara nyingi iko kawaida tu, na foliki asidi ya kidonge anaitumia kama wengine, kwa hiyo yule anayekwambia mwili wako hauiwezi kabisa anakudanganya.

Afu jambo ambalo matangazo hayasemi: hiyo T kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara ni adimu. Mexico, utafiti wa watoto wachanga uliochapishwa 2003 ulikuta karibu theluthi yao wana T mbili. Kwetu huku nakala zenye T hazifiki 10 kwa kila 100, maana yake wenye T mbili hawafiki hata mtu mmoja kwa kila watu 100. Unalipa hela kutafuta kitu ambacho karibu hakika huna.

Na je hiyo T inaleta kisukari aina ya pili? Tafiti zimefanyika nyingi, baadhi ya zile za Asia zimeona wenye T wana hatari iliyozidi kidogo, kwa watu wa asili ya Ulaya uhusiano huo haujaonekana wazi. Kuna jeni nyingine, TCF7L2, iliyojulikana 2006, inayogusa utoaji wa insulini, homoni inayoshusha sukari, hitilafu yake ina uhusiano na kisukari wenye nguvu zaidi sana, na hata hiyo ukiwa nayo haimaanishi utaugua. Mahali ambapo MTHFR inajitokeza zaidi ni kwa mtu ambaye tayari ana sukari, upande wa figo. Ila hata hapo tuwe makini, maana figo zikichoka zenyewe zinapandisha homosisteini, kwa hiyo ukiikuta juu kwa mgonjwa wa figo huwezi kusema moja kwa moja kwamba ndo iliyomuumiza.

Mtu atasema basi tumeze foliki nyingi na vitamini B nyingine tushushe homosisteini tuokoe figo. Wakanada walijaribu hivyo hivyo. Wagonjwa 238 wa kisukari ambao figo zao zilishaanza kuathirika, nusu wakapewa foliki asidi miligramu 2.5 kwa siku pamoja na B6 na B12 za dozi kubwa, nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka 2010. Homosisteini ilishuka kweli, lakini figo za waliomeza vitamini zilishuka nguvu haraka zaidi, na matatizo ya moyo na kiharusi kwao yakawa mengi zaidi. Kwa hiyo mama yangu mwenye sukari na figo, usinunue foliki ya dozi kubwa dukani kwa kushauriwa na mtu asiyejua creatinini yako, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi.

Sasa metformini. Ni dawa nzuri, msiiache, ila ukiitumia miaka mingi inapunguza B12 inayofyonzwa tumboni. B12 ikishuka mtu anapata ganzi miguuni, anatembea kandambili inamvuka njiani hana habari, na kwa kuwa ana sukari kila mtu anasema ni sukari hiyo. Inaweza kuwa sukari kweli, inaweza kuwa B12, inaweza kuwa vyote viwili, ila ya B12 inatibika ikiwahiwa. Ukimlundikia foliki mtu huyu damu yake inaweza kuonekana nzuri kwenye kipimo huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika kimya kimya. Kule Pune, India, waliwafuatilia akina mama wajawazito na watoto wao, 2008 wakaripoti kwamba mama aliyekuwa na foleti nyingi na B12 kidogo, mtoto wake akifika miaka 6 insulini ndo ilikuwa inafanya kazi kwa shida kuliko watoto wengine. Hela ya kipimo cha jeni ni bora iende kwenye kipimo cha B12, hasa kama umemeza metformini zaidi ya miaka 4 au una ganzi. Muulizeni daktari wa kliniki ya sukari kwa jina kabisa, B12.

Jikoni kwetu foleti ipo. Kunde, majani ya kunde, mchicha, mlenda, karanga za kusaga kwenye mboga. Shida ni mwanga na maji: majani yaliyoanikwa juani siku nzima yanapoteza foleti nyingi, yale yaliyochemshwa maji yakamwagwa yamemwagwa nayo. Kausheni kivulini penye upepo, pikeni kwa maji machache na mchuzi wake uliwe. Unga wa viwanda vikubwa unatakiwa kuwekwa foliki asidi, ila uwele na mtama unaosagisha mtaani hauna nyongeza hiyo, kwa hiyo usiutegemee. B12 yenyewe haimo kwenye majani, iko kwenye maziwa, mtindi, mayai, dagaa, nyama.

Kwenye hiyo foliki ya dozi kubwa niliyowakataza, tofauti ni moja, mwanamke mwenye sukari anayepanga kubeba mimba. Huyo daktari anaweza kumwandikia foliki hadi miligramu 5 kwa siku kabla ya mimba mpaka wiki ya 12, kulinda uti wa mgongo wa mtoto. Ukianza kupewa SP za kuzuia malaria kliniki, dozi hiyo kubwa iwe imeshasimamishwa, maana inapunguza nguvu ya SP, unabaki na zile za kawaida za miligramu 0.4 zilizochanganywa na madini ya chuma.