Kwa nini nafyeka maua ya nyuki mwezi Agosti

Mgeni akifika shambani kwangu Njombe mwezi Julai hunionea huruma. Anakuta matuta ya chainizi yamepitiliza, yamerefuka hadi kiunoni na kutoa maua ya njano, huku giligilani imechanua nyeupe katikati yake. Anadhani nimekosa soko. Chainizi ile si mboga tena, ni chakula cha nyuki.

Mizinga yangu, mingi ya viunzi vya juu, yaani vijiti ambavyo nyuki huning'iniza masega, iko pembezoni mwa miparachichi. Juni hadi Agosti huku juu ni baridi kavu, na asubuhi nyingine nyasi za bondeni huamka na barafu. Nyuki hawatoki mpaka jua lipande. Ndani wanajibana kuzunguka majana, yaani watoto wa nyuki, ili yabaki kwenye nyuzijoto 34 hadi 35, na joto hilo wanalitengeneza kwa kula asali. Ukikamua hadi sega la mwisho mwezi Mei, usiseme nyuki wana roho mbaya wakihama. Hawa wetu njaa hawaingojei.

Sasa tupige hesabu. Toka yai litagwe mpaka nyuki mfanyakazi atoboe kifuniko ni siku 21. Kisha anakaa kama wiki tatu nyingine kwenye kazi za ndani: kusafisha, kulisha majana, kujenga sega. Ndipo anatumwa nje. Jumla wiki sita. Miparachichi yangu ya aina ya Hass huanza kuchanua katikati ya Agosti, kwa hiyo nyuki ninayemtaka siku hiyo awe ameshatagwa mwanzoni mwa Julai. Na malkia hatagi kwa wingi kama chavua haiingii mzingani. Ndiyo maana nasia chainizi mwishoni mwa Aprili mvua zikiaga, halafu nasia tena wiki mbili baadaye kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, ambako unyevu haukauki.

Maharage na njegere navyo nachanganya kati ya mistari, ila tusidanganyane: hivyo hujichavusha vyenyewe. Nimevipanda kwa ajili ya udongo na sufuria. Giligilani ina faida ya ziada, kwani huvuta nzi wadogo wenye mistari kama nyigu, ambao watoto wao hula vidukari kwenye kabichi.

Ua la parachichi lina vituko vyake. Hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza ni jike, limesimamisha kijiti kimoja cheupe katikati; linafunga, kesho yake linafunguka dume, stameni zimejaa chavua. Hass ni jike asubuhi na dume kesho yake mchana. Fuerte, aina nyingine ya parachichi, ni kinyume: jike mchana, dume asubuhi inayofuata. Ukiwa na zote mbili, asubuhi nyuki anabeba chavua ya Fuerte na kuipeleka kwenye Hass. Usiku ukiwa wa baridi kali ratiba hii huvurugika na majike ya Hass huchelewa kufunguka. Kwa hiyo saa ambazo nyuki na ua wanakutana ni chache mno.

Na hapo ndipo panga linapoingia. Nyuki hapendi sana ua la parachichi. Akiona haradali, chainizi au machungwa jirani, huko ndiko atakakokwenda. Nikiona vishada vya kwanza vya Hass vinafunguka, nafyeka chainizi yote ndani ya siku mbili na kuilaza chini ya miti iwe matandazo. Mke wangu huita siku hizo za kuwanyima nyuki mboga.

Mzinga wenyewe kipupwe nauacha. Lazima nikague? Basi saa saba mchana, jua likiwa kali, dakika chache tu. Hilo nililipia. Mwaka fulani niliweka mizinga miwili bondeni iwe karibu na maji, nikasahau kwamba hewa baridi hutuama huko. Asubuhi moja ya Juni, saa mbili, nikafungua mmoja kwa pupa ya kuangalia majana. Siku chache baadaye nikakuta majana yaliyokufa yametupwa mlangoni, meupe, yamelowa umande. Kabla ya Julai kwisha kundi lilikuwa limehama.

Mizinga yote sasa iko katikati ya mteremko, milango inatazama mashariki na nimeipunguza kwa kipande cha ubao, upana wa vidole viwili.