Pari (kubashiri) za tenisi ya viwanja vya majani: mambo tunayodanganyana Lubumbashi kila mwezi wa sita

Mwezi wa sita ukifika mu Lubumbashi, baridi ya asubuhi imeshaingia, mpira wa Ulaya umeisha, na vijana wa komini zetu za Kenya, Katuba na Kamalondo wanabaki hawana cha kuweka mu tiketi. Njo wanahamia tenisi. Mimi nilikaa miaka miwili nyuma ya dirisha la ofisi moja ya pari, nachapa tiketi za watu, na tenisi naiangalia tangu utoto, kwa hiyo haya si ya kusikia. Watu walikuwa wanakuja na pesa ya kununua bukari ya nyumbani, na maneno ni yaleyale: "Yaya, tenisi iko mwepesi, iko batu babili tu, hamuna kutoka sawasawa."

Kweli tenisi haina sare, lakini kote, ile namba wanayozidisha na pesa yako, imeshahesabu hilo zamani. Chukua mechi ya wachezaji wanaolingana nguvu. Kama ofisi ingekuwa haijikatii kitu ingekupa 2.00 kila upande, ila wewe utakuta 1.85 na 1.85. Weka franka 1000 kwa huyu na 1000 kwa yule, umetoa 2000, na ashinde nani unarudishiwa 1850, zile 150 ni za ofisi, na hazitegemei nani anajua tenisi.

Halafu wanasema basi nichukue wakubwa watano wenye kote ya 1.20 nifanye kombine, tiketi moja ambayo lazima wote washinde, hao hawapotezi. Fanya hesabu pole pole. Hata kama kila mmoja anashinda mara 8 kwa 10, wote watano kupita pamoja ni kama mara 33 kwa 100, maana yake tiketi tatu, mbili unachana. Ikipita unapata karibu mara 2.49 ya pesa yako, wakati ili usile hasara ilibidi wakupe 3.05. Nimechapa kombine za hivyo mpaka vidole vikauma, na wengi walikuwa wanarudi kesho yake kusema "ni mmoja tu aliniharibia". Ni mmoja tu kila siku bandugu, kombine njo inavyokufa.

Uongo ninaouchukia zaidi ni huu wa kwamba namba moja au mbili wa dunia kwenye majani hashindwi. Ile klasma ya dunia, orodha inayopanga wachezaji, inahesabu pointi za wiki 52, na pointi nyingi zinapatikana kwenye uwanja mgumu na kwenye udongo mwekundu. Majani ni wiki chache tu, kuanzia mwezi wa sita mpaka katikati ya mwezi wa saba, mashindano ya Queen's, Halle, mengine madogo, halafu Wimbledon, lile kubwa la London, na hakuna hata Masters 1000 moja, yale mashindano ya pointi 1000 kwa mshindi, inayochezwa juu ya majani. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mkubwa wa dunia na mwaka mzima amecheza mechi tano sita tu za majani, na wewe unamwekea pesa kwa sababu ya aliyofanya Paris juu ya udongo. Mwaka 2012 Nadal, namba 2 wa dunia, alitolewa Wimbledon mzunguko wa pili na Lukas Rosol, namba 100. Mwaka uliofuata akatolewa mzunguko wa kwanza na Steve Darcis, na wiki hiyohiyo Federer aliyekuwa anatetea kombe akapigwa na Stakhovsky, namba 116. Kwa wanawake, 2023 Marketa Vondrousova alibeba kombe bila kuwa hata kati ya wale 32 wanaopangwa juu mu droo.

Inatokea hivyo kwa sababu ya majani yenyewe. Mpira ukigusa unateleza na kubaki chini, anayepokea hana muda, kila mtu analinda servisi yake, yaani anashinda gemu (vipande vinavyojenga seti) anazoanzisha mpira yeye, basi seti nzima inaning'inia kwenye pointi mbili au tatu. Fainali ya Wimbledon ya 2019, Federer na Djokovic, nilikuwa naiangalia na mzee mmoja mwalimu, ana tiketi ya Federer mfukoni. Seti ya tano, 8-7, Federer anapiga servisi, 40-15, pointi mbili za kombe, mzee ameshasimama anatafuta koti lake aende kuchukua pesa. Djokovic akazifuta zote mbili na akashinda 13-12. Siku ile Federer alipata pointi 218, Djokovic 204. Alipata pointi nyingi kuliko mwenzake na alipoteza. Mzee alikaa tena kwenye kiti na hakusema kitu muda mrefu, mimi sura yake ile sijaisahau.

Tena wanasema majani ni ya wapiga servisi warefu tu, hiyo ni habari ya zamani. Tangu 2001 Wimbledon walibadilisha mbegu za majani, uwanja ukawa mgumu zaidi na mpira unaruka vizuri kuliko zamani, na 2002 fainali ilikuwa Hewitt na Nalbandian, watu wa kucheza nyuma kwenye mstari.

Wale wa kuweka pari kwamba mechi itakuwa na "gemu nyingi" wanaitaja mechi ya Isner na Mahut, 2010, masaa 11 na dakika 5 kwa siku tatu, gemu 183. Hiyo haiwezi kurudi. Tangu 2022 seti ya mwisho ikifika 6-6 wanacheza taibreki, gemu moja ya kuamua, ya pointi 10, kwa hiyo mechi ya seti tano haivuki gemu 65. Na fainali ya wanawake ya 2025 Swiatek alimpiga Anisimova 6-0, 6-0, gemu 12 zote pamoja, dakika 57 watu wamemaliza.

Laivu, yaani kuweka pari mechi ikiendelea, sitasema mengi. Picha unayoiona kwenye telefone imechelewa, wakati mwamuzi anabonyeza pointi kwenye kifaa chake na wenye kote wanaipata palepale. Wewe unaruka kwa ajili ya pointi ambayo wao wameshaisahau.

Kuhusu mechi za kupangwa zinazouzwa WhatsApp kwa dola 10 au 20: mechi za kuuzwa zipo kweli, sana sana kwenye mashindano madogo, na ITIA, shirika linalolinda tenisi, limefungia wachezaji wengine maisha yote. Lakini huyo anayekuandikia usiku hana mechi. Nusu ya watu anawaandikia jina la mchezaji A, nusu jina la B, na wale waliopata wanalipa tena wiki inayofuata. Shemeji yangu alilipa mara tatu, halafu akaanza kudabo, kuweka mara mbili kila akipoteza, ili arudishe, 2000, 4000, 8000, mpaka 64000, kupoteza mara sita mfululizo tayari ni franka 126000, na huo ulikuwa mtaji wa dada yangu wa kuuza samaki. Inaniuma mpaka leo.

Kuna kitu kingine, siku za kwanza majani yako mabichi na yanateleza. Mwaka 2021 Wimbledon, siku moja kwenye uwanja uleule mkubwa, Serena Williams aliteleza akaacha mechi, na Mannarino, aliyekuwa mbele ya Federer seti 2 kwa 1, naye akateleza akaumia na kuacha. Kuna ofisi zinarudisha pesa mchezaji akiacha, kuna zinazolipa aliyebaki kama seti moja imekwisha, kuna zinazolipa hata pointi moja ikishachezwa. Ugomvi mwingi dirishani kwangu ulikuwa wa hapo, na kila mara sheria ilikuwa imeandikwa nyuma ya tiketi, kwa herufi ndogo, kwa Kifaransa, na hakuna aliyekuwa amegeuza kuisoma.