Sepetu Bora Si Ile Yenye Chuma Kigumu Kupindukia

Wengi huamini kwamba sepetu ya asili, ile inayofuliwa kwa nyundo, hudumu kwa sababu mhunzi hukifanya chuma chake kiwe kigumu kadiri iwezekanavyo. Sivyo hata kidogo. Chuma cha pua kinachopashwa moto hadi kiive chekundu, kisha kikazamishwa ghafla majini, huwa kigumu kweli, lakini hupasuka kama kigae kikigonga jiwe. Kwa hiyo mhunzi husugua ubapa mpaka ung'ae, kisha huurudisha kwenye joto taratibu huku akitazama rangi zinavyotambaa juu yake: kwanza manjano ya majani makavu, halafu kahawia, zambarau, na hatimaye buluu, ambayo hujitokeza kwenye nyuzi joto 300 hivi za Selsiasi. Rangi hizo si urembo; ndizo kipimo chake. Ubapa uliopitia hatua hiyo hupinda kidogo na kurudi ulivyokuwa, jambo ambalo mchimbaji hulihitaji mno anapobinua udongo mzito. Unene nao haulingani: karibu na mpini chuma huachwa kinene, kwa kuwa hapo ndipo nguvu zote hukusanyika, na ukingoni hufuliwa kikawa chembamba ili kipenye ardhini.