Jino bandia la muda mahali pa jino la mbele: maswali na majibu ya wiki za mwanzo

Jino la mbele likipotea, kwa ajali ya bodaboda, kwa kuvunjika hadi kwenye mzizi au kwa ugonjwa wa fizi, wagonjwa wengi huanza na jino bandia la kuvaa na kuvua. Ni bamba jembamba la akriliki, aina ya plastiki ngumu, lenye rangi ya waridi, linalokaa kwenye kaakaa, likiwa na jino moja kwa mbele na, mara nyingi, vishikizo viwili vya waya vinavyokumbatia meno ya nyuma. Bei yake ni nafuu kuliko njia nyingine na hutengenezwa upesi. Lakini siku za mwanzo husumbua, na usumbufu mwingine ni wa kawaida huku mwingine ukihitaji daktari.

Kwa nini nipewe la muda? Kwa nini lisiwekwe la kudumu moja kwa moja?

Kwa sababu taya lenyewe halijatulia. Jino likishang'olewa, tundu hujaa bonge la damu, kisha fizi hujifunga juu yake kwa muda wa wiki 3 hadi 4. Chini ya fizi mfupa huendelea kujijenga kwa miezi, na wakati huohuo ukingo wa taya hunywea. Katika mwaka wa kwanza ukingo huo hupoteza takribani nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya upotevu hutokea ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Daraja la kudumu, yaani jino bandia lisilovuliwa linaloshikiliwa na meno jirani, likigandishwa mapema mno, fizi itapanda na kuacha uwazi juu ya jino, uwazi unaoonekana kila ukicheka.

Jino la muda hufunika kipindi hicho, kwa kawaida miezi 3 hadi 6. Kazi yake ni kuziba pengo usoni, kusaidia matamshi na kuzuia meno jirani yasiegemee upande wa pengo. Kung'ata hakumo katika kazi zake. Malalamiko mengi tunayoyasikia hutokana na kulidai jino hili ling'ate, au kutarajia likae mwezi wa nne kama lilivyokaa siku ya kwanza.

Nimewekewa siku ileile niliyong'olewa. Nilivue usiku wa kwanza?

Hapana. Liache kinywani saa 24, isipokuwa daktari wako ameagiza vingine. Jeraha huvimba, na bamba likitolewa mapema huenda lisirudi mahali pake hadi uvimbe ushuke. Pia hulikandamiza jeraha na kulinda bonge la damu. Ganzi ikiisha utahisi maumivu. Kulivua hakutayapunguza, dawa ya maumivu uliyoandikiwa ndiyo itakayosaidia.

Siku hiyo ya kwanza usisukutue, usivute sigara, usinywe pombe na usitumie mrija, kwani mvuto wa mrija unaweza kung'oa bonge la damu. Damu ikichuruzika, ng'ata kipande cha shashi safi kilichokunjwa kwa dakika 20 hadi 30 bila kukichungulia kila mara. Isipokata baada ya hapo, rudi kliniki.

Kesho yake daktari huliondoa, huangalia jeraha na kupunguza sehemu zinazochoma. Kuanzia hapo sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, mara 3 au 4 kwa siku na hasa baada ya kula, kwa muda wa wiki moja hivi. Yazungushe maji taratibu kisha yaache yatoke yenyewe. Kutema kwa nguvu kunaamsha damu.

Mate yananijaa na najisikia kama nitatapika. Je, halinifai?

Kinywa hukichukulia kitu chochote kipya kuwa chakula, ndiyo maana mate hutoka kwa wingi. Yameze tu. Hali hii hupungua ndani ya siku chache.

Kichefuchefu kina sababu mbili, na ni vizuri kuzitofautisha. Ya kwanza ni ugeni: kaa wima, pumua kwa pua polepole, inamisha kidevu kidogo, na anza kulivaa ukiwa na shughuli mikononi badala ya kukaa ukilifikiria. Ya pili ni bamba lililoenda nyuma mno, au lililolegea hata likadondokea ulimi. Hilo halizoeleki. Daktari anaweza kukata ukingo wa nyuma kwa dakika chache, maana bamba la jino moja halina haja ya kufunika kaakaa lote.

Kwa nini natoa mluzi nikitamka "s"?

Sauti "s" na "z" hutokea hewa inapopita kwenye mfereji mwembamba kati ya ncha ya ulimi na sehemu iliyo nyuma tu ya meno ya juu. Sasa sehemu hiyo ina tabaka la plastiki, na ulimi bado unalenga mahali pa zamani. Kwa "f" na "v" mdomo wa chini hugusa ncha za meno ya juu, hivyo jino likiwa refu au limejitokeza mbele kuliko lile la asili, sauti hizo nazo huharibika. "Th" na "dh" huhitaji ulimi upite kati ya meno.

Mazoezi hufanya kazi, mradi yawe ya sauti ya juu na ya kila siku. Hesabu polepole kuanzia sitini hadi sabini na tisa: kila namba imejaa "s". Rudia thelathini hadi thelathini na tisa kwa ajili ya "th", kisha maneno kama fedha, fadhila, vifaa, zawadi. Soma gazeti kwa sauti dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni. Mwalimu, mhubiri au mtangazaji afanye hivyo siku mbili tatu kabla ya kurudi kazini, asisubiri kujifunzia mbele za watu. Wengi hurejea katika matamshi yao ndani ya wiki 2. Mluzi ukiendelea baada ya wiki 3, unene wa bamba nyuma ya meno ya mbele unahitaji kurekebishwa, na hapo mazoezi peke yake hayatatosha.

Nile nini, na niache nini?

Siku 3 hadi 5 za mwanzo kula vyakula laini visivyo vya moto sana: uji, mtori, ndizi za kupika, viazi vya kuponda, mayai, wali laini na maharage, samaki asiye na miiba. Ugali unafaa ukimegwa matonge madogo na kuchovywa kwenye mchuzi.

Baadaye unaweza kula karibu kila kitu, ila jinsi ya kula ndiyo inayobadilika. Chakula kikatwe vipande vidogo, kiingizwe pembeni na kitafunwe kwa magego ya pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu ukitafuna upande mmoja tu bamba huinuka upande wa pili. Usikate kitu kwa meno ya mbele. Hindi la kuchoma lichambue punje kwa mkono au kisu, embe likate, mshikaki uvue kwenye kijiti kwanza, chapati ichane kwa vidole. Muwa uache kabisa: kuumenya kwa meno ni njia ya haraka zaidi tunayoijua ya kung'oa jino kwenye bamba. Bazoka na kashata hunata na kulivuta.

Uangalifu mmoja husahaulika. Akriliki haipitishi joto vizuri, kwa hiyo kaakaa lililofunikwa halikuonyi kuwa chai ni ya moto. Onja kwa mdomo kabla ya kupiga funda.

Linanichoma sehemu moja. Nisubiri?

Siku 2, sio wiki 2. Uchungu wa jumla kwenye fizi hutulia, lakini doa moja jekundu au kidonda kwenye ukingo wa bamba lina maana kwamba mahali hapo pana plastiki iliyozidi. Livue upumzike, sukutua kwa maji ya chumvi, na weka miadi. Siku ya miadi livae tena angalau saa chache kabla ya kwenda, hata kama linauma, ili alama ionekane. Bila alama daktari atapunguza kwa kubahatisha.

Usilipunguze mwenyewe kwa tupa, msasa au kisu. Plastiki iliyotolewa kupita kiasi hairudi, na mwasho hubaki palepale. Kidonda chochote kinywani kisichopona kwa siku 14 baada ya kuacha kuvaa bamba kichunguzwe, bila kujali kilianza vipi.

Nalivaaje, nalivuaje na nalisafishaje?

Livae kwa vidole. Lilowe maji kwanza, lielekeze mahali pake, kisha sukuma juu kwa vidole vya pande zote mbili hadi likae. Wengine huliingiza nusu na kumalizia kwa kung'ata; hivyo ndivyo mabamba yanavyopasuka katikati. Kulivua, weka kucha kwenye ukingo wa kishikizo ulio upande wa fizi, kila upande, na kulishusha kwa usawa. Usilivute kwa kushika jino la mbele. Na tabia ya kulibetua kwa ulimi ukiwa umekaa, hata kama inawachekesha watoto, hulegeza waya siku baada ya siku.

Kila baada ya kula livue, lisuuze, nawe sukutua. Jioni lisugue pande zote, hasa upande unaogusa fizi, kwa mswaki laini wa peke yake na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Dawa ya meno ina chembe zinazokwaruza akriliki, na kwenye mikwaruzo hiyo ukoga hujishikilia. Fanya kazi hiyo juu ya beseni lenye maji au taulo lililokunjwa, maana likiponyoka likagonga sinki au sakafu huvunjika. Maji yawe ya kawaida. Ya moto hulipinda, na likishapinda halitakaa tena. Jiki huozesha waya.

Meno uliyobaki nayo yanahitaji usafi zaidi kuliko zamani. Mabaki ya chakula hujificha chini ya vishikizo, na meno yanayokumbatiwa na waya ndiyo hutoboka ya kwanza. Yapige mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floraidi.

Ni lazima nilivue nikilala?

Ndiyo, ukishapita muda wa mwanzo alioupanga daktari. Liweke kwenye kikombe chenye maji safi, yabadilishwe kila siku, kwa sababu akriliki ikikauka hubadilika umbo kidogo. Kaakaa linalofunikwa usiku na mchana huota fangasi, na sehemu iliyo chini ya bamba huwa nyekundu kabisa, mara nyingi bila maumivu yoyote. Mtu hugundua siku daktari anapomwonyesha kwenye kioo.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Bamba la jino moja ni dogo kiasi cha kumezwa au kuingia kwenye njia ya hewa usingizini. Mwenye kifafa aseme mapema, kabla halijatengenezwa. Livue pia ukiwa umelewa, unapotapika, unapocheza mpira na kabla ya nusu kaputi. Likimezwa usilisukume kwa tonge la ugali au mkate, wala usijitapishe, kwani waya unaweza kutoboa koo. Nenda hospitali mara moja na umtajie daktari kwamba ni plastiki: akriliki ya kawaida haionekani kwenye picha ya eksirei, waya tu ndio huonekana, na bamba lisilo na waya huweza kukosekana kabisa kwenye picha.

Lilikuwa linabana vizuri, sasa linacheza. Niweke gundi?

Fizi imenywea, kama ilivyotarajiwa; bamba halijaharibika. Tiba ni kuongeza tabaka jipya la akriliki upande wa ndani, kazi inayoweza kufanyika kliniki kwa ziara moja. Gundi maalumu ya meno bandia inayouzwa famasi inaweza kukuvusha siku kadhaa ikiwekwa kidogo, sehemu 2 au 3 za ukubwa wa punje ya mchele, na kusafishwa yote kila jioni. Ukijikuta unaihitaji kila siku, muda wa kuongezwa tabaka umefika.

Supaglu usiiweke kamwe, wala kwa kulegea wala kwa kuvunjika. Huunguza fizi, huacha tabaka gumu linalobadilisha mkao, na fundi wa maabara hulazimika kuikwangua yote kabla ya kuunganisha. Kishikizo cha waya nacho usikikaze kwa koleo: kikipindwa mara chache hukatika, na kikibana mno hulisukuma jino kinaloshikilia. Likivunjika, kusanya vipande vyote, hata kidogo, uvipeleke. Ukarabati wa kawaida huchukua saa chache hadi siku moja.

Rangi yake haifanani na meno yangu. Nilalamike?

Lalamika, ila ni bora kabla halijatengenezwa. Rangi huchaguliwa kwa mwanga wa mchana karibu na dirisha, midomo ikiwa haina rangi ya vipodozi, na kabla ya kuchukua chapa ya kinywa (nakala ya umbo la meno na fizi), kwa sababu meno yakikauka huonekana meupe kuliko yalivyo. Kwa waliokulia Arusha, Kilimanjaro au Nakuru, ambako maji ya visima vingi yana floraidi nyingi na meno huwa na madoa ya kahawia, jino jeupe tupu litajitangaza lenyewe. Mwombe fundi aliwekee madoa yanayolingana na jirani zake. Inawezekana.

Na baada ya miezi hiyo?

Kuna njia tatu: bamba jipya lililotengenezwa juu ya fizi iliyotulia, mara nyingine la chuma chembamba; daraja, ambalo kwa kawaida hudai meno jirani yachongwe; au kipandikizi cha titani kinachoingizwa mfupani. Kijana ambaye taya lake bado linakua asiwekewe kipandikizi, kwani hubaki mahali pake huku meno mengine yakiendelea kushuka, na jino lake huishia kuonekana fupi. Huyo aendelee na bamba, likibadilishwa kadiri anavyokua.

Ukichagua kipandikizi, usilitupe jino la muda. Utalivaa tena miezi 3 hadi 6 wakati kinashikamana na mfupa, baada ya daktari kulichimba kidogo upande wa ndani ili lisigandamize mahali palipofanyiwa upasuaji.