Mjomba, mgonjwa huyu hajengeki nyumbani

Wiki iliyopita kaja mjomba mwingine. Kila mwezi anakuja mmoja, sura tofauti, maneno yale yale: "Sista, majibu tumeyapokea. Tunaomba turudi naye Kitangari tumjenge kwanza. Akipata damu, na korosho zikilipa, tutampeleka Dar kwenye kemo."

Mgonjwa yuko kwenye benchi, tumbo limejaa maji, mikono imebaki mifupa. Saratani ya ovari, hatua ya tatu. Tuko Juni, minada ya korosho inaanza Oktoba. Piga hesabu mwenyewe.

Kazi yangu hapa Mtwara ni kuwaandaa akina mama hawa kabla ya safari, na nimechoka kulisema kwa mdomo, acha niliandike. Utando wa ndani ya tumbo umejaa vinundu vya saratani. Maji yanayojaa humo yana protini, na yanabana tumbo la chakula mpaka vijiko vitatu vya uji vinamshibisha. Mlisheni mbaazi, mlisheni pweza, sehemu ya protini aliyokula inaishia kwenye yale maji. Tukiyatoa anapumua vizuri siku kadhaa, halafu yanarudi. (Mnasema wakitolewa maji wanakufa. Hapana, hawafi kwa sababu tumetoa maji. Tunawatoa maji waliozidiwa, ndiyo maana wengine hufa.) Kinachoyakausha ni kemo, dawa ya saratani inayoingizwa kwa dripu. Nguvu mnayoisubiri iko ng'ambo ya dripu.

Sasa hili neno "damu". Kila kitu ni damu, na dawa ya kila kitu ni juisi ya rosela. Himoglobini ikiwa chini sana anaongezewa damu, yamekwisha. Kinachowarudisha watu mlangoni ni neutrofili, askari wa mwili, wanaotakiwa kufika 1.5 kwenye karatasi ya majibu, na chembe sahani, zinazogandisha damu, 100. Hakuna juisi inayowaleta askari hao. Tena kabla ya dozi ya kwanza kwa wagonjwa wengi askari wako sawa, kwa sababu uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, haujaguswa na dawa. Wanaporomoka baadaye, kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wanapanda kuelekea siku ya 21, siku ya dozi nyingine. Kwa hiyo mnajenga kitu ambacho hakijabomoka, kwa wakati usiohitajika.

Na hiyo 1.5 yenyewe inaninyima raha. Waafrika wengi tunazaliwa na neutrofili chache, jambo linaloambatana na kundi la damu liitwalo Duffy, na mtu mzima wa afya anaweza kutembea na 1.3 miaka yote bila kuugua. Nimemwona mama akirudishwa kwa 1.4. Tulimwokoa au tulimpotezea wiki? Mpaka leo sijui. Ndiyo maana nang'ang'ania kipimo kabla dawa yoyote haijaingia, ili daktari ajue kawaida ya mwanamke huyu ni ipi.

Mengine haraka. Kreatinini, kipimo cha figo, kwa sababu dozi ya kaboplatini, dawa mojawapo ya kemo, inakokotolewa kwa uwezo wa figo. Homa ya ini B, kwa sababu kirusi kilicholala kinaweza kuamka. VVU. Sukari, kwa sababu deksamethasoni, dawa inayotolewa pamoja na kemo, inaipandisha. Jino bovu ling'olewe mapema. Mitishamba ya "kusafisha figo" ibaki kwa aliyeiuza. Kuanzia dozi ya pili, picha ya damu ipimwe hukuhuku siku moja au mbili kabla ya basi; zaidi ya kilomita 500 ni nyingi kwenda kuambiwa njoo wiki ijayo. Masika msiondoke dakika ya mwisho: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara pale Somanga. Nunueni kipimajoto. Akifika 38 baada ya kemo, hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Panadoli na "labda malaria" zimeshatuzikia watu.

Kupewa kemo kabla ya kisu hakumaanishi wameshindwa kumpasua. Mizunguko mitatu, upasuaji, mitatu tena. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2010 ulikuta wagonjwa wa namna hii waliishi muda uleule kama waliopasuliwa kwanza, ingawa wapasuaji bado wanabishana.

Kuna upande wa mjomba pia, niuseme. Asiyeinuka kitandani mchana kutwa, dozi ya kwanza inaweza kummaliza. Wengine huanzishiwa kaboplatini peke yake, na kumtambua nani ni nani tunakadiria kwa macho kuliko tunavyokiri. Kuna mama niliyeiharakisha familia yake. Alipata dozi moja. Mjomba wake hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Huyu wa wiki iliyopita alinisikiliza mpaka mwisho, akaondoka na orodha ya vipimo. Mlangoni akageuka: rosela keshanunua kilo mbili, aifanyeje? Nikamwambia ainywe yeye, maana safari ni ndefu na mgonjwa anamtegemea.